Mwanamke, Jiwe na Maji Yanayojaa

Jiwe lenyewe ni dogo. Maji yakipwa linatokeza, yakijaa linazama lote. Juu yake amekaa mwanamke mwenye jeraha baya pajani, na pembeni yake yupo shakwe aliyeteguka bawa. Ufukwe anauona. Ni yadi 200 tu, kama mita 180 hivi, na hata vitu vyake alivyoviacha mchangani anaviona. Katikati ya jiwe na mchanga huo anazunguka papa mweupe. Filamu ya The Shallows, iliyotoka mwaka 2016, ina dakika 86, na sehemu kubwa ya dakika hizo inakaa papo hapo. Sijaona filamu nyingine ya kutisha iliyonibana kifua kwa vitu vichache namna hii.

Ninaishi Moshi. Huku kwetu maji makubwa ni mvua za masika na mito inayoshuka kutoka mlimani. Samaki tunaowajua ni perege wa Nyumba ya Mungu, na sangara na dagaa wanaoletwa kutoka Mwanza. Vijana wakitaka kuogelea wanakwenda Chemka, kule Hai, kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu chini ya miti mikubwa, wanajirusha kwa kamba na kupiga kelele mpaka jioni. Wengi wao maji ya chumvi hawajayaonja. Hata hivyo filamu hii ilipozunguka mitaani kwa flashi, Majengo hadi Pasua, watu waliiangalia wamekunja miguu juu ya viti, kana kwamba sakafuni kuna kitu. Nimeliwaza sana jambo hilo, na kila mara ninarudi kwenye jibu lile lile: tulikuwa tunamtazama mtu anayefikiri huku muda unamwishia, na kwa hilo huhitaji kuzaliwa pwani.

Kisa kinasimulika upesi. Nancy Adams ni mwanafunzi wa udaktari, kwao ni Texas. Mama yake amefariki kwa saratani, na tangu hapo masomo yamemtoka moyoni. Anasafiri hadi Meksiko kuutafuta ufukwe ambao mama yake aliwahi kufika akiwa na mimba yake. Mwenyeji anayempa lifti, Carlos, hamtajii jina la mahali hapo, na mpaka mwisho hatulijui. Rafiki aliyepaswa kuwa naye amebaki alikolala, pombe za usiku hazijamtoka. Nancy anaingia majini na ubao wake, anateleza juu ya mawimbi, anafurahi kweli. Kisha huko nje anakutana na mzoga wa nyangumi unaoelea. Papa alikuwa anakula pale, naye Nancy amemwingilia.

Kuanzia papa anapouma, filamu nzima inabebwa na Blake Lively. Kabla ya hapo wengi walimjua kwa tamthilia ya vijana matajiri wa New York iliyorushwa kati ya 2007 na 2012, ambako alikuwa na wenzake wa kuzungumza nao, nguo nzuri na maneno mengi ya kusema. Hapa vyote vitatu amenyang'anywa. Hata adui hakuwapo, kwa kuwa papa tunayemwona alichorwa kwa kompyuta na kuongezwa baadaye. Ufukwe tunaoambiwa ni wa Meksiko ni wa kisiwa cha Lord Howe, Australia, na sehemu nyingi za majini zilirekodiwa ndani ya bwawa la studio huko Queensland. Kwa hiyo kila macho yake yanapomfuata papa kutoka kulia kwenda kushoto, yanafuata maji matupu. Hofu ile ameitoa kichwani mwake, na ameitoa kwa kipimo. Hofu ya dakika za kwanza ni ya mwili, pumzi inakatika, mikono inashika chochote. Hofu ya usiku imetulia, imekuwa na akili. Ya asubuhi ya pili ina hasira ndani yake. Mwongozaji, Jaume Collet-Serra, Mhispania wa Barcelona, alikuwa na busara ya kumsogezea kamera karibu na kumwacha afanye kazi.

Angalia anavyojitibu. Sindano hana, uzi hana. Ana hereni na mkufu. Anajisemesha kwa sauti ya daktari, polepole na kwa upole, anamweleza mgonjwa kinachofuata. Mgonjwa ni yeye mwenyewe. Kwenye kinywa kimoja kuna sauti mbili, na mwigizaji mwingine angezitenganisha kwa kubadilisha sura, huyu daktari, huyu mgonjwa, ili tusikose kuona ufundi wake. Lively anaiacha sauti ya daktari iendelee mpaka pumzi imwishie, ndipo mgonjwa anatoka kwa ukelele mmoja mfupi. Kisha daktari anarudi. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi, na bado sikuona mahali ambapo anatuomba tumwonee huruma.

Binamu yangu anasoma udaktari KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi. Nilimkalisha aiangalie siku moja akiwa ametoka zamu ya usiku, macho yanafumba yenyewe. Tulipofika kwenye hereni akakaa wima.

“Dada, hivyo ndivyo tunavyofundishwa,” akasema. “Humgusi mgonjwa kabla hujamwambia unachotaka kumfanyia. Huyu utaratibu umemkaa mpaka anautumia kwake mwenyewe.”

Nikamuuliza kama inawezekana kushona hivyo. Akatikisa kichwa. Ngozi ya paja ni ngumu, akasema, na hereni haikutengenezwa kupenya nyama. Mtu angehitaji nguvu na moyo kuliko inavyoonekana pale. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa namna ya kuubana mguu ili damu isimwagike. “Ukikaza sana, damu haitoki lakini mguu nao unakaa bila damu. Ukilegeza, mguu unapata nafuu na wewe unaisha. Hakuna jibu zuri hapo, kuna kuchagua saa.” Baada ya hapo hakuzungumza tena. Nilimchungulia, nikaona hamwangalii papa hata anapopita. Alikuwa anauangalia mguu.

Mji huu una wanafunzi wengi wa udaktari na uuguzi, unawakuta kwenye daladala za KCMC na makoti meupe mkononi, na nadhani wao wanaiona filamu ambayo sisi wengine hatuioni. Nancy alikuwa karibu kuacha masomo. Juu ya jiwe, kila alichofundishwa kinamrudia kupitia vidole. Hakuna anayelisema hilo kwa maneno, na ninamshukuru aliyeandika mswada, Anthony Jaswinski, kwa kutokutuwekea hotuba. Kuna simu ya mapema kati ya Nancy na baba yake inayoeleza mambo zaidi ya ilivyohitajika, na pale ndipo nilipoona maandishi yanamwonea shaka mwigizaji. Baada ya hapo yanamwamini.

Usiku unapita, kunakucha, na ufukweni anatokea mlevi. Nancy anampigia kelele za kuomba msaada. Mlevi anaviona vitu vyake mchangani, anavikusanya, kisha anauona ubao wake unaelea karibu na anaingia majini kuufuata. Mwanamke anayeibiwa sasa anamlilia mwizi wake atoke majini. Papa anapomfikia mtu yule, kamera inabaki usoni mwa Nancy. Uso ule una mambo matatu kwa pamoja: msaada umepotea, mtu amekufa, na papa yuko mbali na jiwe kwa muda huu. Hilo la tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu unamwona analifikiria, na unaona kwamba asingependa kulifikiria.

Nimeiona pia kwenye kibandaumiza, ile nakala iliyotafsiriwa. Muvi ya kutafsiriwa ina maisha yake yenyewe. DJ anasimulia juu ya picha, anawapa wahusika majina ya mtaani, anakumbusha yaliyopita na kudokeza yajayo, na kwenye filamu ya mapigano au ya familia anaweza kuongeza utamu ambao mwenye filamu hakuufikiria. Ninaiheshimu kazi hiyo kutoka moyoni. Wengi wa rika langu sinema ya dunia waliijua kupitia sauti hizo, na kuna filamu ambazo mpaka leo nikiziona bila DJ naona zimepungukiwa. Lakini hii ilimpa mtihani. Mtu mmoja, jiwe moja, na kwa dakika nyingi hakuna anayesema neno. Akaanza kumsemea papa. Akamsemea na ndege. Watu walicheka mwanzoni, kwa sababu alikuwa na kipaji.

Ilipofika usiku wa kwenye jiwe, mwanamke amejikunyata na meno yanagongana, kijana mmoja wa mbele akapaza sauti: “Bro, punguza sauti, acha tuone!” Mwenye kibanda akapunguza, akapunguza, mpaka ikazimika kabisa. Nilidhani watu watatoka. Banda zima likakaa linaangalia picha bubu, na hakuna aliyepotea njia. Mama mmoja muuza karanga alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake kichwani. Akauliza, “Anahesabu nini huyu?” Vijana kadhaa wakamjibu kwa pamoja: “Mzunguko wa papa, mama!” Walikuwa wamelisoma hilo kwenye midomo yake, na kwenye jicho linalokwenda majini, linarudi kwenye saa ya mkononi, linakwenda tena majini. Papa akitoka kwenye nyangumi mpaka kwenye jiwe anachukua sekunde ngapi, na katika sekunde hizo mtu aliyejeruhiwa anaogelea umbali gani. Hesabu yote ilikuwa usoni, na muuza karanga aliweka beseni chini akaimalizia pamoja nasi.

Hakuna mhakiki aliyenishawishi juu ya Blake Lively kama kibanda kile kilivyonishawishi. Zima sauti ya filamu nyingi tunazozisifu uone kinachobaki.

Mama mdogo wangu naye alikuwa na lake. Amezaliwa Pangani, akaolewa Moshi, na miaka yote hii mlimani haijamtoa pwani. Bado upepo anauita kaskazi na kusi, na akiletewa papa mkavu kutoka Tanga anampika kwa nazi, majirani wanakuja kuuliza harufu hiyo ni ya nini. Nilipomwekea filamu, papa hakumshughulisha. Aliliangalia jiwe.

“Maji yanajaa,” akasema, kabla filamu yenyewe haijatuambia.

“Umejuaje, mama mdogo?”

“Si uyaone povu linavyopanda pale! Maji yakijaa, mwanangu, huyaoni yakija. Waona tu pale ulipoweka mguu hapapo tena.”

Akanisimulia jinsi wasichana wa kwao walivyokuwa wakitoka maji yakipwa kwenda kuchokoa pweza miambani, vikapu kiunoni, nyimbo mdomoni, na jinsi wakubwa walivyowaonya wasisubiri maji yafike magotini ndipo wageuke. Anayesubiri magoti anarudi kwa kuogelea. Alikuwa anaiongelea filamu, ingawa hakuitaja. Katika simulizi yake hakukuwa na papa hata mmoja, na bado mikono yangu ilikuwa baridi.

Swali lake lilikuwa moja, na ni swali la haki. “Usiku kucha jiwe liko juu? Kwetu maji hujaa mara mbili kwa siku.” Ni kweli. Pwani yetu ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Zipo pwani nyingine, ya Pasifiki upande wa Meksiko ikiwa mojawapo, ambako vilele viwili vya siku havilingani, kimoja kikubwa na kingine kidogo, kwa hiyo mwamba unaweza kunusurika kwenye kile kidogo na kuzama kwenye kikubwa. Filamu haielezi lolote la namna hiyo. Inampa tu Nancy saa ya mkononi inayoonyesha nyakati za maji, na kutuachia sisi kuiangalia pamoja naye. Nilipomweleza mama mdogo habari za Pasifiki, alifikiri kidogo, akasema, “Haya, bahari yao ina tabia zake,” akaendelea kutazama.

Hapo kwenye saa ndipo ninapoona ufundi mkubwa wa kisa hiki. Papa hahitaji kupanda juu ya jiwe. Maji yatamletea. Mwongozaji hana haja ya kutushtua kila dakika tano. Kila tukiiona saa ile tunajihesabia wenyewe. Mwaka 1975 Steven Spielberg alifika karibu na somo hilo kwa njia ya matatizo, pale papa wa mashine aliyetengenezewa filamu ya Jaws alipokuwa akiharibika ndani ya maji ya chumvi. Ikabidi amfiche, aonyeshe maji na nyuso za watu, na watazamaji wakaogopa zaidi. Hapa kompyuta ingeweza kutupa papa tangu dakika ya kwanza, lakini kwa muda mrefu tunapewa kivuli, pezi, rangi ya damu ndani ya wimbi. Kinachobaki kutuambia ukubwa wa hatari ni uso wa mwanamke yule.

Niseme kidogo juu ya papa wa kweli, kwa sababu watoto wanaoiona filamu hii wanaondoka wakidhani bahari imejaa wauaji wenye kinyongo. Papa mweupe hula mizoga ya nyangumi kweli, na huo ndio ukweli mkubwa uliomo kwenye filamu. Anaweza kuhisi umeme mdogo sana unaotoka kwenye misuli ya kiumbe mwingine, kwa vitundu maalumu vilivyoko puani na kichwani mwake. Lakini tabia ya kumvizia mtu mmoja usiku na mchana, akaacha tani za nyangumi kwa ajili yake, ni ya mwandishi. Kwa kawaida papa mweupe akimuuma mtu humwachia. Duniani kote watu wanaoumwa na papa bila kumchokoza huwa kama 60 au 70 kwa mwaka, na wanaokufa kwa kawaida hawazidi 10. Upande wa pili hesabu ni nzito: kati ya 1970 na 2018 idadi ya papa na taa wa bahari kuu ilishuka kwa asilimia 71, na sababu kubwa ni uvuvi. Filamu inajua jambo hili kidogo. Kuna mahali tunaona ndoana kubwa imekwama mdomoni mwa papa. Hakuna anayeizungumzia. Mama mdogo ndiye aliyeiona kwanza. “Kashavuliwa huyu,” akasema, “kakata kamba,” na tangu hapo alimtazama mnyama yule kwa jicho jingine.

Shakwe nisimsahau. Ni ndege wa kweli aliyefunzwa, na huwezi kukosea, kwa sababu hafanyi anachotarajiwa. Anageuza shingo wakati mbaya, anapiga hatua za hovyo, anamwangalia Nancy bila kuonyesha chochote. Lively anampokea hivyo hivyo, anasubiri, anajibu anachopewa. Anapomrudishia bawa mahali pake tunamwona daktari akimhudumia mgonjwa wake wa pili, na mikono ni ile ile tuliyoiona kwenye paja. Filamu iliyo na mtu mmoja inahitaji kitu kimoja hai cha kuangaliwa, ili mhusika asizungumze na hewa. Ndege huyu anatosha kabisa, na ninaona alikuwa bora kuliko kamera ya kofia ambayo baadaye Nancy anairekodia ujumbe kwa ndugu zake. Ujumbe ule unagusa, sikatai, ila mbele ya ndege alikuwa ameshatuambia yote.

Nusu saa ya mwisho haina nguvu ile. Nancy anaogelea kwenda kwenye boya, anapita katikati ya konyeza wanaomchoma mwili mzima, anakuta bastola ya fataki za ishara, meli inapita bila kumwona, mafuta ya nyangumi yanashika moto juu ya maji. Mpaka moto ninaweza kuifuata. Baada ya hapo anajifunga kwenye mnyororo wa boya, anavutwa mpaka chini, na papa anayemfuata kwa kasi anajichoma kwenye vyuma vilivyoko sakafuni mwa bahari. Kwenye kibandaumiza walishangilia, stelingi hafi, na furaha yao niliishiriki. Lakini yule mtu aliyekuwa akihesabu sekunde na kupima mawimbi alipaswa kuokoka kwa hesabu zake, na badala yake anaokolewa na mchezo wa kompyuta. Sifa ya Lively ni kwamba hata pale, akishuka na mnyororo, uso wake bado unapima umbali. Yeye hakuiacha filamu ya kwanza hata waliomzunguka walipohamia nyingine. Kuna na kipande cha mwaka mmoja baadaye, amepona na kovu lake, anaingia majini na mdogo wake. Mimi ningekata pale mtoto anapoiokota ile kofia yenye kamera ufukweni na kumpelekea baba yake, Carlos. Mtu amepatikana, inatosha.

Filamu hii iligharimu takriban dola milioni 17 na kuingiza karibu milioni 119 duniani. Kwa Hollywood hiyo ni bajeti ndogo. Kwetu ni fedha isiyofikirika, lakini sehemu kubwa ya gharama ya kisa kama hiki inakwenda kwenye maji ya studio na papa wa kompyuta. Mifupa yake ni rahisi: mtu mmoja, mahali pamoja, na muda unaohesabika. Bongo Muvi imetupa waigizaji wenye machozi ya kweli, na mara nyingi tumewakalisha kwenye makochi ya sebuleni wakielezana mambo ambayo tayari tumeyaona. Ninaamini wapo wanaoweza kubeba filamu nzima kwa pumzi na macho. Hawajapewa ukimya.

Na mahali papo. Kila nikiiangalia The Shallows ninaliona Ziwa Chala, kule Rombo, mpakani na Kenya. Ni ziwa lililojaa ndani ya kreta, kuta zake zimesimama pande zote, maji ni ya samawati na yanatoka chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Kina chake kinazidi mita 80. Njia ya kushuka ni kali, na ukifika chini dunia ya juu huisikii. Humo kumewahi kuwa na mamba. Mwaka 2002 mtu aliyekuwa akiogelea aliuawa. Wenyeji watakwambia mengine mengi, na mtunzi mzuri angekaa nao wiki kadhaa asikilize kabla ya kuandika mstari wowote.

Kisa ninachokiona ni cha mwanamke wa Rombo aliyeshuka peke yake na mtumbwi mdogo kutega nyavu. Mtumbwi unapinduka. Anapata kidato cha mwamba upande usio na njia, bega limetoka, simu iko ng'ambo ndani ya kikapu. Jua likishapita ukingo, baridi inaanza mapema kuliko juu. Mtu wake anamwita kutoka ukingoni, na kwa sababu ya kuta zile sauti inarudi kutoka kila upande, hata akijibu hawezi kujulikana alipo. Mamba tusimwonyeshe. Mviringo mmoja wa maji mahali ambapo hakuna upepo, kisha mwingine karibu zaidi, na kamera ibaki usoni mwa mwanamke anayeviona. Mwigizaji ningemtafuta kwenye jukwaa, labda miongoni mwa waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, mtu aliyezoea kushika ukumbi bila kipaza sauti. Ajue kuogelea kweli, na ajue Kirombo cha kutosha kuomba na kulaumu kwa lugha ya mama yake anapobaki peke yake.

Ikiwa kuna mtu Arusha au Moshi mwenye kamera nzuri na mwigizaji wa namna hiyo, Februari ni mwezi mzuri, masika hayajaanza na njia ya kushuka inakuwa kavu. Niko tayari kubeba vyombo.